Kifimbo cha barafuni: nawajibu wote kwa mkupuo mmoja

Haya, hamjambo wapendwa. Leo hakuna ziwa, hakuna theluji, niko mezani na vifimbo vitatu tu. Swali limekuwa lile lile: "Dada, hicho kifimbo unachovulia barafuni ni cha aina gani, na shilingi ngapi?" Mnauliza hata chini ya ile video ya bima ya gari! Basi tulimalize.

Kwanza nijikinge, maana nawajua. Sijionyeshi. Huku Minnesota, Marekani, seti ya kuanzia, fimbo na rili yake (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), inapatikana kwa dola 20 hadi 40. Fimbo nzuri peke yake, bila rili, inaanzia kama dola 50 na kupita mia. Najua mtazibadilisha kuwa shilingi halafu mniambie "kumbe hela ipo". Ukishabadilisha hizo, badilisha na kodi ya nyumba na bima ya afya, kisha tuongee. Wala silalamiki. Mmeuliza bei, nimewatajia bei.

Kutoboa shimo kwenye ziwa lililoganda na kukaa kwenye hema juu yake mlishaona kwenye video zilizopita, siyarudii. Narudia moja tu, maana ni roho ya mtu: kwa anayetembea kwa miguu, idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu mpya, safi na ngumu, unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu kuliko hiyo, kwa hiyo iongezee unene.

Sasa fimbo. Hapa nazungumzia samaki wa kikaango peke yake: blugili, krapi na pechi wa njano. Ni samaki wa kiganja, wengi hawafiki nusu kilo. Wale wakubwa wana fimbo zao, tusichanganye mambo.

Wengi wanachagua fimbo kwa urefu au kwa bei. Mimi nasema, na ni mimi, usinibebeshe lawama: anza na ndoana. Fimbo ya samaki hawa ni chombo cha kuonyesha uzito mdogo sana kwa macho, kuvuta ni kazi yake ya pili. Blugili wakati wa baridi hang'ati na kukimbia. Anafyonza maji pamoja na chambo, akihisi kitu kigumu anakitema, na mkono wako haujasikia lolote. Krapi naye mara nyingi anachukua chambo huku anapanda, kwa hiyo badala ya kuvutwa, mshipi unalegea. Fimbo ngumu iliyosimama wima haiwezi kukuonyesha mshipi uliolegea. Ncha iliyokwisha kupinda kidogo kwa uzito wa ndoana inaweza, kwa sababu uzito ukiondoka, ncha inanyanyuka. Ukiiona inanyanyuka, vuta.

Kwa hiyo nenda dukani na ndoana yako mfukoni. Wengi huku tunatumia ndoana zenye kichwa cha tungsteni, zinazouzwa kwa milimita: ya 3 ina karibu nusu gramu, ya 4 inakaribia gramu moja, ya 5 ni kama gramu moja na nusu, ingawa kila kampuni ina vipimo vyake. Tungsteni ni metali nzito kuliko madini ya risasi kwa karibu mara 1.7 kwa ujazo ule ule, ndiyo maana kichwa ni kidogo lakini kinashuka haraka, na kwenye sona, kile kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji, kinaonekana vizuri. Funga ndoana kwenye kipande cha mshipi, upitishe kwenye kipete cha nchani, yaani ile pete ndogo ya kupitishia mshipi, shika fimbo sambamba na sakafu, uachie ndoana ining'inie. Ncha ikipinda kidogo na kutulia, fimbo hiyo inaielewa ndoana yako. Isipotikisika hata kidogo, ni ngumu mno, irudishe. Ikipinda hadi katikati ya fimbo, ni laini mno kwa ndoana hiyo: ukitaka kuichezesha, fimbo inameza mchezo wote na ndoana inakaa tu kule chini. Muuzaji atakuangalia, mwache aangalie.

Hapo ndipo zile herufi zilizoandikwa kwenye fimbo zinapopata maana. UL ni laini sana, L ni laini, ML ni ngumu kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha pamoja. UL ya kampuni moja ni L ya nyingine, kwa hiyo herufi zikuelekeze kwenye rafu, uamuzi ufanyike kwa ndoana. Blugili kwenye mita 2 hadi 4 za maji, karibu na majani, UL yenye ncha laini kabisa. Krapi, ambaye katikati ya msimu huelea juu ya kina cha mita 6 hadi 10, UL pia, lakini yenye mgongo kidogo, yaani sehemu ya chini iwe na nguvu. Mdomo wake ni mwembamba kama karatasi, fimbo ngumu inauchana na samaki anaanguka akiwa ameshafika shimoni. Pechi yuko chini kabisa, anachukua ndoana nzito zaidi na anauma kwa nguvu, huyo mpe L yenye ncha inayorudi haraka, vinginevyo kwenye kina kile utachelewa kumnasa.

Urefu nitapita haraka. Ndani ya hema, inchi 24 hadi 28, yaani sentimita 61 hadi 71. Unakaa karibu na shimo lenye upana wa sentimita 20, na fimbo ndefu itagonga hema au itakusogeza mbali na shimo. Ukipenda kusimama nje na kuhama shimo hadi shimo, inchi 32 hadi 36 zitakupunguzia kuinama. Mgongo ni wako.

Malighafi. Kaboni ni nyepesi na inaleta mguso mkononi, lakini ikigongwa kwenye baridi kali inapasuka bila kuonyesha, halafu inavunjika siku nyingine kabisa ukabaki kumlaumu samaki. Faibaglasi ni nzito kidogo na mguso wake ni hafifu, ila inapinda sana na inasamehe. Kwa anayeanza na kwa watoto nachagua faibaglasi: ncha utaisoma kwa macho, na pochi haitaumia. Kuna kifaa cha tatu, springi ndogo au waya bapa unaofungwa nchani, dola chache tu. Inaifanya fimbo ngumu ionyeshe mguso mdogo. Ubaya wake, inashika barafu upesi, na ukiitumia na ndoana ya milimita 5 inalala moja kwa moja, haionyeshi chochote. Springi ni ya ndoana za 3 na 4.

Vipete: tafuta vikubwa. Mshipi unatoka na maji, maji yanaganda kwenye kipete, na kipete chembamba kinaziba kabisa. Kikiziba, mshipi hautelezi, na ule wepesi wote uliolipia umekwisha. Barafu ikishika, ibane kwa vidole hadi iyeyuke, au chovya ncha shimoni kisha uitikise kidogo. Usiigonge kwenye ndoo. Nimesema usiigonge.

Kuvunjika kunakotokea sana kunatokana na mkono: samaki amefika shimoni, mtu kwa furaha anainua fimbo wima, ncha inakunjwa kurudi nyuma, tap! Samaki akifika juu, teremsha ncha, shika mshipi kwa mkono, mtoe. Kingine ni mlango wa gari. Nunua mfuko mgumu wa fimbo hata kama unakuuma.

Na hapa niseme dukuduku langu. Warranti! Sanduku linasema kwa herufi kubwa "tutakubadilishia". Ikivunjika unaambiwa jaza fomu, piga picha, lete risiti, na gharama ya kuituma ni yako. Kwa fimbo ya dola 25, ukijumlisha usafirishaji na muda, bora ununue nyingine. Sitaji kampuni, maana nitaambiwa nimelipwa na mpinzani wake. Kwa fimbo ya dola 100 warranti ina maana, isome kabla ya kulipa. Kwa ya bei ndogo, ihesabu kama haipo.

Mpini: koki (ile ya vizibo vya chupa) au foamu, vyote havichomi mkono kwa baridi. Kiti cha rili chenye skurubu ya chuma ni baridi kwa vidole, na rili inakaa mahali pamoja tu. Wazoefu wengi huku wanapenda mpini mtupu, rili wanaifunga kwa tepu ya umeme. Unaisogeza mbele au nyuma hadi fimbo ilale kwenye kidole kimoja bila kuinamia upande wowote. Fimbo isiyolala sawa inachosha kiganja, na mkono uliochoka unatikisika.

Rili mnaisahau halafu mnailaumu fimbo. Rili ya kawaida ya kuzungusha, saizi 500, ni nyepesi na inashusha ndoana upesi, lakini inausokota mshipi. Mshipi uliosokotwa unazungusha ndoana kule chini kama pia, na blugili akiona hivyo anaondoka. Ili kupunguza hilo, ule waya wa rili unaoongoza mshipi urudishe kwa mkono, na samaki akivuta usiendelee kuzungusha mpini wa rili wakati breki inateleza. Rili ya aina ya duara, inayotoa mshipi moja kwa moja, haisokoti. Ila inashusha polepole, na kwenye mita 10 utachoka kusubiri. Blugili wa maji mafupi, duara. Pechi wa kina, ya kawaida. Zaidi ya hapo ni mazoea ya mtu. Rili nyingi za bei ndogo zina grisi nzito inayoganda, breki inakuwa inanata, na mshipi mwembamba unakatika hapo. Isafishe, weka mafuta mepesi yasiyoganda kwenye baridi.

Mshipi wenyewe: nailoni ya nguvu ya paundi 2 (uzito, si hela) kwa blugili, 3 au 4 kwa krapi na pechi. Ule wa kusuka unanyonya maji na kuganda, nje usiutumie. Nailoni kwenye baridi inabaki na mikunjo ya rili, na mikunjo hiyo inaficha mguso hata fimbo ikiwa ya dola mia. Ivute mita chache kwa mikono kabla ya kuanza.

Makaratasi sasa, maana mtu ananunua fimbo kabla ya leseni. Mwaka wa leseni ya uvuvi hapa unaanza Machi 1 na kuisha mwisho wa Februari. Ukinunua Januari, umenunua miezi miwili kwa bei ya mwaka. Ya mkazi ni kama dola 25, ya mgeni ni zaidi ya mara mbili. Ukazi ni siku 60, na mwenye miaka 21 na kuendelea anatakiwa awe na leseni ya udereva au kitambulisho cha Minnesota. Kama hujaomba kadi hiyo, unaweza kuwa umeishi miezi sita na dirishani pa leseni ukahesabiwa mgeni. Inaudhi, sibishi. Ukishakuwa nayo, sheria inakuruhusu mishipi miwili kwenye barafu. Kwa hiyo wenye dola 80 nawashauri fimbo mbili za wastani, UL ya faibaglasi na L ya kaboni, badala ya moja ya fahari. Mwenye mfuko mwingine afanye la mfuko wake.

Na kaka wa Mwanza aliyeomba nimtumie moja akavulie Ziwa Victoria: hapana, na si uchoyo. Hii ni ya kushusha ndoana ya gramu moja wima chini ya miguu yako. Kutoka mtumbwini ukitaka kurusha, sentimita 61 hazirushi kitu, na sangara ataondoka na mshipi wa paundi 2 bila kujua kama alinaswa. Kwa sato wa ukingoni, fimbo ya mita 2 inayouzwa huko huko itakufaa kuliko hii, na ushuru hutalipa.