Kabla ya kufungua programu: kuchagua jaribio la takwimu kwa data za afya

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, kwa watumishi wa afya na wanafunzi wa utafiti)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimefurahi kuwaona wauguzi, mafundi wa maabara, maafisa wa wilaya na wanafunzi mmekaa chumba kimoja, maana jambo hili linawahusu nyote. Kabla ya leo wengi mmeniletea swali la namna moja: "Data zangu hizi hapa, nitumie jaribio la t au kaiskwea?" Ndugu zangu, swali hilo halijibiki likiwa hivyo. Halijasema waliopimwa ni nani, walipatikana vipi, walipimwa mara ngapi, na kilichoandikwa daftarini ni kitu gani. Jaribio la takwimu, yaani hesabu ya kupima kama tofauti tunayoiona inaweza kuwa ya bahati tu, halichaguliwi kwenye menyu ya programu. Linachaguliwa siku unayoamua utakwenda skuli zipi, utamwita mtoto yupi, na kama utarudi kwake tena au hutorudi.

Asubuhi hii nitashikilia hoja moja. Watafiti wetu hutumia nguvu nyingi kuchunguza kama data zina umbo la kengele, yaani wengi katikati na wachache pembeni, na hutumia dakika chache mno kujiuliza kama watu waliopimwa wanajitegemea, yaani kipimo cha mmoja hakitupi khabari ya kipimo cha mwengine. Nionavyo mimi, umbo la kengele likikosekana hasara yake mara nyingi ni ndogo na ina dawa. Kujitegemea kukikosekana, matokeo yote yanaweza kuwa si kweli.

Nianze na aina ya kilichopimwa, nipite haraka kwa sababu vitabu vinalieleza vizuri. Kama jibu ni ndiyo au hapana, ana malaria au hana, unalinganisha uwiano, na kwa makundi mawili yanayojitegemea kaiskwea inatosha. Kama hesabu inayotarajiwa katika chumba chochote cha jedwali iko chini ya 5, tumia jaribio la Fisher. Kama ni namba inayopanda na kushuka, kama vile hemoglobini au shinikizo la damu, na makundi ni mawili tofauti, jaribio la t linakufaa, na bora uchukue lile la Welch ambalo halikulazimishi kudhani kwamba mtawanyiko wa makundi mawili ni sawa. Makundi yakiwa matatu au zaidi, utakwenda kwenye uchambuzi wa tofauti za wastani, au jaribio la Kruskal na Wallis.

Lakini msikate namba vipande bila sababu. Mtoto mwenye hemoglobini ya 10.9 na mwenye 11.0 hawana tofauti yoyote kitandani, ila ukishaweka mpaka kwenye 11 mmoja anaitwa mgonjwa wa upungufu wa damu na wa pili mzima. Mpaka huo unafaa kwa kuamua nani apewe dawa. Kwa uchambuzi, iacheni namba ibaki namba, kwa sababu ukiikata unatupa khabari ulizozitafuta kwa jasho.

Sasa tuje kwenye kichocho, maradhi tunayoyajua visiwani kuliko wengi. Tunachuja mililita 10 za mkojo, tunahesabu mayai. Chukueni mfano wa kubuni wa watoto 10 wa darasa moja: sita wana sufuri, mmoja ana mayai 2, mmoja 3, mmoja 5, na mmoja ana 490. Jumla ni 500, wastani ni 50. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizi makali. Kwa hiyo ripoti inayosema "wastani wa darasa ni mayai 50" inamfanya msomaji adhani darasa zima limeathirika vibaya, na huku zaidi ya nusu ya watoto hawana hata yai moja. Thamani ya kati ya darasa hilo, yaani ya aliye katikati ukiwapanga watoto kwa hesabu zao, ni sufuri.

Hapo wengi hukimbilia jaribio la Mann na Whitney, lile lililochapishwa mwaka 1947, ambalo hutazama nani yuko juu ya nani na halijali amezidi kwa kiasi gani. Si vibaya. Lakini sufuri zikiwa nyingi, watoto wengi wanafungana nafasi na jaribio linapoteza makali. Mimi hupenda kuligawa swali mara mbili. Kwanza, ni wangapi wameambukizwa? Hilo ni la uwiano. Pili, kwa walioambukizwa, maambukizi ni makali kiasi gani? Hapo unaweza kuchukua logi ya hesabu za mayai na kutoa wastani wa kijiometri, ambao hauvutwi sana na namba moja kubwa. Mwenye uzoefu zaidi atatumia modeli ya binomia hasi, iliyoundwa kwa hesabu zinazotawanyika namna hii, wengi wakiwa na kidogo na wachache wakiwa na kingi mno.

Nawasihi jambo moja hapo. Msimfute yule mtoto wa mayai 490 kwa kusema "amevuruga data." Katika mayai 500 ya darasa lile, 490 ni yake. Yeye ndiye anayechafua kijito kuliko wenzake wote tisa. Kama swali lenu ni uambukizaji katika kijiji, basi jumla ya mayai na wastani wa kawaida vina maana kubwa, na yeye ndiye khasa wa kutazamwa. Kama swali ni hali ya mtoto wa kawaida darasani, thamani ya kati inasema kweli zaidi. Data ni zile zile. Swali ndilo linaloamua.

Nije kwenye kujitegemea, na nianze na kipimo cha kabla na baada. Mfano wa kubuni tena: watoto 120 wamepimwa upungufu wa damu, wakapewa huduma, wakapimwa tena baada ya miezi sita. Kabla walikuwa 60 wenye upungufu, baada wakawa 48. Mtafiti anachora jedwali la 60 kwa 120 na 48 kwa 120, anapiga kaiskwea, anapata 2.42. Kikomo, yaani namba ambayo ikivukwa tunasema tofauti si rahisi kuwa ya bahati tu, ni 3.84, kwa hiyo anaandika "hakuna tofauti ya kitakwimu."

Angalieni alichokifanya. Amechukua watoto 120 akawahesabu kama 240 wasiojuana. Jaribio linalofaa hapa ni la McNemar, ambalo huuliza tu waliobadilika. Tuseme watoto 20 walitoka kwenye upungufu wakapona, na 8 waliokuwa wazima wakapungukiwa damu. Waliobaki, 40 walikuwa na upungufu mara zote mbili na 52 hawakuwa nao kabisa. Hesabu yake hata kwenye karatasi inafanyika: 20 toa 8 ni 12, zidisha kwa yenyewe 144, gawa kwa 28 waliobadilika, unapata 5.14. Imevuka kikomo. Watoto hao hao, matokeo kinyume.

Ndiyo maana nasema namba ya utambulisho ya mtoto lazima iandikwe sawasawa safari zote mbili. Ukikusanya karatasi za mwanzo na za mwisho bila kuweza kumuoanisha mtoto na nafsi yake, umelipoteza jaribio la McNemar, umelipoteza jaribio la t la jozi, umelipoteza la Wilcoxon la jozi, na hakuna programu ya kukurejeshea. Niongeze kwamba hata 5.14 haisemi huduma ndiyo iliyoleta nafuu. Bila ya kundi la kulinganisha, miezi sita hubadilisha mengi: msimu, chakula, hata ukuaji wa mtoto mwenyewe.

Suala la skuli na shehia, yaani eneo dogo la utawala chini ya sheha, ni zito zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Watoto wa skuli moja wanaoga kijito kimoja, wanakunywa maji ya bomba moja, wanatibiwa kituo kimoja. Kuwapima 50 kati yao ni kama kumuuliza mtu mmoja khabari ile ile mara nyingi: unaongeza majibu, huongezi elimu kwa kiasi hicho hicho. Kufanana huko kuna kipimo chake, kati ya sufuri na moja. Tuseme ni 0.1, kiasi ambacho masikioni ni kidogo. Una skuli 20, kila moja watoto 50, jumla 1000. Toa moja kwenye 50, zidisha kwa 0.1, ongeza moja: 5.9. Gawa 1000 kwa 5.9, unapata kama 169. Yaani watoto wako 1000 wana uzito wa watoto 169 wanaojitegemea. Jaribio la kawaida halilijui hilo. Litahesabu 1000 na kukupa thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa namna hiyo au zaidi kama hakuna tofauti ya kweli) ndogo ya kupendeza, na wewe utakwenda wizarani kushauri jambo ambalo data hazikulisema.

Utafiti mkubwa wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2011, ulilijua hili tangu mwanzo. Ulipanga shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba, na kura ya bahati nasibu ya kugawa huduma ilipigwa kwa shehia, si kwa mtoto mmoja mmoja. Konokono wa majini ndio wanaoeneza kichocho, na haiwezekani kuua wa mtoto mmoja na kuwaacha wa jirani yake. Kwa kuwa shehia ndiyo iliyopigiwa kura, uchambuzi nao lazima uiheshimu shehia. Njia nyepesi ni kutafuta wastani wa kila skuli au kila shehia, kisha kulinganisha wastani hizo. Ukiwa na skuli 20 una namba 20, basi. Ziko modeli za hali ya juu zinazobeba mtoto na skuli yake kwa pamoja, na zina faida zake. Lakini makundi yakiwa machache, naiamini zaidi njia nyepesi.

Kuna na suala la muda. Mgonjwa wa kifua kikuu ameanza dawa, mwezi wa tatu amehamia Unguja. Mvuvi amekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali. Mwengine amevuka kwenda Tanga. Ukiwafuta umepotosha, na ukiwahesabu kuwa wamepona umepotosha zaidi. Njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958 inamhesabu kila mtu kwa siku alizoonekana tu, na kulinganisha makundi tunatumia jaribio la logiranki, au modeli ya Cox ya mwaka 1972 kama kuna umri na mengineyo ya kuzingatia. Njia hizi zina sharti: kuondoka kwa mgonjwa kusiwe kumesababishwa na ugonjwa unaoupima. Aliyeacha kuja kwa sababu hali imezidi si sawa na aliyefuata karafuu.

Pemba yenyewe imeipa dunia mfano mkubwa. Watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine pamoja na zinki, wengine dawa isiyo na kitu. Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa mapema kwa ushauri wa bodi ya usalama. Walikuwa wameshiriki watoto 24,076, na muda wao ulihesabiwa kwa miaka ya watoto, 25,524, kwa sababu hawakuingia wala kutoka siku moja. Waliopata chuma walizidi kwa asilimia 12 kufa au kulazimika kutibiwa hospitali, mipaka ya uhakika wa asilimia 95, yaani masafa ambayo ukweli unaweza kuwemo, ikiwa 2 hadi 23.

Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15, mipaka kuanzia kasoro 7 hadi 41, thamani ya p 0.19. Wapo watakaosoma 0.19 na kuandika "chuma hakiongezi vifo." Sivyo kabisa. Mipaka hiyo inaruhusu kupungua kidogo na inaruhusu kuongezeka kwa asilimia 41. Kuiita hiyo "hakuna tofauti" ni kuwafanyia dhuluma watoto. Someni mipaka kabla ya p, kila mara.

Na msipige majaribio ishirini mkachagua moja lililopendeza. Kama hakuna tofauti yoyote ya kweli na majaribio yanajitegemea, uwezekano wa angalau moja kati ya 20 kutoa p chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka, ni kama asilimia 64. Andikeni swali kuu na jaribio lake ndani ya pendekezo, kabla ya kamati ya maadili kulipitisha na kabla ya mtoto wa kwanza kutoa mkojo.

Dada wa Micheweni ameuliza kabla hatujafunga. Ana skuli mbili, moja imepata elimu ya afya na moja haikupata, watoto 300 kila skuli, na anataka jaribio.

Dada yangu, nakujibu kwa heshima ya kazi uliyoifanya. Watoto ni 600, lakini kilichogawiwa elimu ni skuli, na kila upande una skuli moja tu. Tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya elimu, inaweza kuwa ya kijito, inaweza kuwa ya mwalimu mkuu mmoja mwenye bidii, na hakuna jaribio linaloweza kuzitenganisha. Kwa data ulizonazo, eleza hali ya kila skuli kwa uwiano na mipaka yake, usiweke thamani ya p baina yao, na uandike sababu. Kama wapo watoto uliowapima mara mbili, unaweza kuwachambua kwa jozi ndani ya skuli yao. Kama bajeti ya awamu ya pili bado ipo, usiongeze mtoto hata mmoja kwenye skuli hizo mbili. Chukua watoto 30 kwa kila skuli katika skuli 20, na kura ipigwe mbele ya masheha.