Kutoka Kura Tatu Hadi Daftari la Kijiji

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu vijana, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie harakati za mageuzi na jinsi kazi ya serikali ilivyobadilika nchini mwetu. Wengine wangeanzia Ulaya. Sisi tupo Tabora, na sioni sababu ya kwenda mbali.

Januari 1958, TANU ilikutana katika mji huu kuamua jambo moja gumu. Serikali ya mkoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kwa mpigo. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, ya kipato na ya cheo, hivyo mkulima wa muhogo asiyejua kusoma hakuwemo kabisa. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, aliyesoma mji huu na kufundisha mji huu, aliwasihi waingie katika uchaguzi ule mbovu ili waubomoe kutoka ndani. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa, akaunda chama chake, African National Congress. Wengine wakaingia, wakashinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na muda si mrefu lazima ya kura tatu ikaondolewa.

Tunauita Uamuzi wa Busara, na tunaukumbuka kama kazi ya viongozi. Mimi nataka mtazame waliokuwa chini ya uamuzi huo. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Kwa hiyo aliyebeba TANU ni mtu asiyekula mshahara wa serikali: mkulima wa ushirika, mama muuza vitumbua aliyeitikia wito wa Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, dereva, fundi cherehani. Watu hawa walikwishazoea kukaa pamoja, kuchanga, kuchagua mweka hazina na kumtimua akila fedha. Siasa iliwakuta wameshajipanga.

Uhuru ukaja 1961. Serikali ikawa mtoto wa harakati, na mtoto yule akakua haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Kwa hilo sisikitiki sana, maana mkoloni alikuwa amemgeuza mtemi kuwa mkusanya kodi wake. Januari 1964 wanajeshi waliasi, kwanza Dar es Salaam na kesho yake kambi ya hapa Tabora. Uasi ulipozimwa, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kwa sheria ya serikali, na katibu mkuu wake akawa Waziri wa Kazi mwenyewe. Mfanyakazi wa reli mwenye malalamiko alimkuta anayemtetea na anayemlalamikia wamekaa kiti kimoja. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata. Mwaka huo huo wa 1972 ndugu zetu wa Kigoma walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa kwa operesheni ya serikali, na sisi zamu yetu ikafika 1974. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa.

Sitaki ionekane kwamba nazibeza enzi zile. Serikali ile ilijenga shule niliyosoma, na nilisoma bila baba yangu kuuza hata mbuzi. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake ukubwani, katika darasa la kisomo. Hayo siwezi kuyasahau, wala simwachii mtu ayaseme vibaya mbele yangu.

Lakini niwaeleze habari za daftari la baba. Alilima tumbaku. Alikuwa na daftari dogo, jalada la bluu, analoliweka ndani ya mfuko wa nailoni na kulining'iniza kwenye boriti ya bani, banda la kukaushia tumbaku, ili mchwa wasilifikie. Kushoto aliandika kilo alizopima nyumbani. Kulia, kilo zilizosomwa kwenye mzani wa mnunuzi. Safu zile mbili hazikulingana hata msimu mmoja. Zamani alikuwa na mtu wa kumpelekea daftari lile: mwenyekiti wa chama, jirani yetu, aliyemchagua yeye mwenyewe kwa kunyoosha mkono. Ushirika ulipovunjwa, alibaki na daftari tu. Aliendelea kuandika. Nilimuuliza anamwandikia nani, akanyamaza.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, halmashauri za wilaya zikafuata. Lakini kitu kilichovunjwa kwa siku moja hakirudi kwa siku moja. Ile hali ya mtu kusema "chama changu" ilikuwa imepungua. Watu walikuwa wamezoea kuletewa.

Kisha vyama vingi. Mwaka 1991, Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyewahi kuwa waziri, alikuwa mbele katika kamati ya kudai mageuzi. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilizunguka nchi, na takriban watu wanne katika kila watano walisema wanataka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, pamoja na kurekebishwa kwa sheria kandamizi, na mfumo ukaanza Julai 1992. Nimesikia watu wakiilaumu Tume kwa hilo. Mimi nadhani ilifanya sawa: haki ya yule mmoja katika watano kuungana na wenzake haipaswi kungoja ruhusa ya wale wanne.

Kigoma ndiko jambo lilikopimwa. Katika uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994, Dakta Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alitangazwa kushindwa, akaenda mahakamani. Moja ya hoja zilizopimwa ilikuwa matangazo ya Redio Tanzania kumpendelea mgombea wa chama tawala, na matokeo yakabatilishwa. Mwaka 1995 akashinda. Kwa mtu aliyekulia katika chama kimoja, hoja ile ya redio ilikuwa ngeni: kwamba redio ya serikali si redio ya chama, kwamba hivi ni vitu viwili.

Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inauza mashirika yake na kuwaachia wengine biashara. Ikabaki kusimamia, kutoa leseni, kukusanya kodi. Mengi yamesemwa kuhusu hilo, siongezi. Ninachouliza ni hiki: serikali ilipojiondoa, nani alikuwa amesimama pale kupokea? Kwa mkulima wa tumbaku, mara nyingi ni mnunuzi peke yake.

Sheria tunayo. Tangu 1982 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hakuna masharti ya elimu, ya kipato wala ya cheo. Yale waliyonyimwa babu zetu 1958, sisi tumeandikiwa. Na mkutano unaitishwa, wanakuja watu ishirini.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye kijiji kimoja cha mkoa huu, sitakitaja. Mkutano chini ya mwembe. Mwenyekiti amefika ajenda ya tatu, mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni: "Mwenyekiti, kwanza tusomewe mapato na matumizi. Mwaka umepita." Mwenyekiti akajibu kwamba mtendaji wa kijiji amesafiri na daftari lipo kwake. Yule mama akasema, "Basi tutamsubiri," akaketi. Nilidhani watu wataondoka. Hawakuondoka. Mtu akatuma kijana kuchuma maembe, mwingine akapiga simu mjini. Saa kumi na moja jioni ikasikika pikipiki, mtendaji yuko nyuma, daftari amelikumbatia kifuani. Likafunguliwa pale pale, na yule mama akasogea mbele kusikiliza.