Ruhusa Huombwa na Mwajiri

Ndugu zangu, wale mlionisikia hapa Lubumbashi juu ya jambo hili mtanivumilia, maana nitalirudia mpaka biashara ya karatasi bandia za kazi ya Kanada ikome. Mwajiri wa Kanada anayetaka kumleta mfanyakazi wa muda kutoka nje ndiye anayeiomba serikali yake ruhusa, na mara nyingi huanzia kwenye tathmini ya athari kwa soko la ajira, ile mnayoiita EIMT, yaani serikali kupima kama kumleta mgeni kutawaathiri wafanyakazi wa huko.

Mzee mmoja wa Katuba aliniletea karatasi, eti jibu la EIMT, ambayo mwanawe aliuziwa na wakala kwa bei ya kiwanja cha familia. Ilikuwa na lile jani jekundu la bendera ya Kanada, muhuri, sahihi mbili, na mstari uliosema kwamba mfanyakazi amekwisha kulipa dola 1,000 za kuchunguza faili. Nilimwomba mzee arudie mstari huo polepole. Ada ya dola 1,000 za Kanada ipo kweli kwa nafasi nyingi za kazi, lakini mwajiri ndiye anayeilipa, na sheria inamkataza kumdai mfanyakazi fedha hizo, hata kwa kupitia wakala. Tapeli alitaka karatasi yake ifanane na ya kweli, akajishtaki kwa mkono wake mwenyewe. Tena kazi yenyewe iliandikwa "kazi yoyote". Kazi yoyote! Mwajiri hutakiwa kueleza ni kazi gani, mahali gani, kwa mshahara gani, na kwa kawaida aonyeshe kwamba aliitangaza kwa wiki 4 au zaidi ndani ya miezi 3 kabla ya kuomba. Nani hutangaza kazi isiyo na jina?

Najua mtaniambia kwamba fulani alilipa na akafika. Mwulizeni alifika na kibali cha kazi au cha matembezi.

Kinachokuhusu wewe, mbali na paspoti na vipimo vya afya, ni ada ya kibali cha kazi, dola 155, na ya alama za vidole na picha, dola 85. Nazo hulipwa kwa serikali ya Kanada, baada ya mwajiri kukupa nakala ya jibu la EIMT alilopewa na serikali, pamoja na kontrakti.

Muda unanikimbia. Tangu Mei 2024 jibu hilo hudumu miezi 6 tu, basi anayekuonyesha la mwaka juzi anakuuzia karatasi iliyokufa. Jimbo la Quebec huko Kanada lina masharti yake ya ziada. Wanaotaka kwenda huko wabaki nami baada ya maswali.