Ruzuku Ndogo na Mkutano wa Pili

Rehema: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu kuhusu ufundishaji wa vyuo vikuu. Mimi ni Rehema, nami niko pamoja na Mwalimu Idi. Leo tunazungumzia ruzuku ndogo zinazotolewa kwa idara na wahadhiri wanaotaka kuandaa warsha, semina au kongamano la siku moja juu ya kuboresha ufundishaji wa shahada ya kwanza. Mwalimu, umewahi kuziomba fedha hizi, na umewahi pia kuketi katika kamati ya kuzigawa. Tuanzie wapi?

Idi: Ahsante, Dada Rehema. Tuanze na maombi yenyewe. Mengi niliyoyasoma yalieleza kwa ufasaha nani atakuja kuzungumza, ukumbi upi utatumika na washiriki watakuwa wangapi, lakini hayakusema ni somo gani, la mwaka wa ngapi, litakalofundishwa kwa namna nyingine baada ya washiriki kurudi madarasani. Fedha hizi haziwezi kubadili mtaala wa chuo kizima. Zinaweza kubadili jinsi wiki tatu za kwanza za somo la takwimu zinavyofundishwa, na mwombaji anayeandika jambo dogo kama hilo hunishawishi kuliko yule anayeahidi mapinduzi.

Rehema: Wapo wahadhiri wanaouliza kwa nini tuhangaike, ilhali mihadhara imewafikisha wao walipo.

Idi: Imewafikisha wao, lakini hatuwahesabu wenzao walioachwa njiani. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati yaliyofundishwa kwa mihadhara na yale ambayo wanafunzi walishirikishwa kwa maswali, mijadala na kazi za vikundi. Kwa wastani, waliofeli katika mihadhara walikuwa karibu asilimia 34, na katika ufundishaji shirikishi karibu asilimia 22. Katika darasa la watu 300, tofauti hiyo ni wanafunzi 36, na kila mmoja wao ana mzazi anayesubiri matokeo.

Rehema: Basi kama ushahidi upo, na warsha zimefanyika kwa miaka mingi, kwa nini madarasa mengi hayajabadilika?

Idi: Hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2011 Diane Ebert-May na wenzake walichapisha utafiti kuhusu walimu wa biolojia wa vyuo vya Marekani waliohudhuria warsha za aina hii. Asilimia 89 walisema kwamba wamebadili ufundishaji wao. Watafiti walipotazama video za madarasa yao, waliona kwamba asilimia 75 bado walikuwa wakifundisha kwa mihadhara, mwalimu akiwa ndiye kitovu. Sidhani walidanganya. Naamini walikuwa na nia ya kweli, wakarudi kwenye madarasa makubwa, na siku mbinu ilipokwama hawakuwa na wa kumuuliza.

Rehema: Hilo nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kuratibu warsha ya siku moja, na fomu za tathmini zilijaa sifa hata nikafurahi kupita kiasi. Muhula ulipokwisha niliwatembelea washiriki, nikakuta wawili tu walikuwa wamejaribu kile tulichokizungumza, na wote wawili walikuwa wameacha baada ya darasa kunyamaza kimya walipouliza swali. Niliumia sana, kwa sababu mazungumzo ya nusu saa katika wiki ile ya kwanza yangewaokoa.

Idi: Na kimya kile kina sababu zinazojulikana. Chukua mbinu ambayo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia, alianza kuitumia pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991: mwanafunzi anapewa swali la dhana, anachagua jibu peke yake, kisha anajadiliana na jirani yake na kuchagua tena. Ukiisikiliza, ni nyepesi. Ugumu uko katika swali lenyewe, kwa maana wakipata karibu wote hakuna la kujadili, na wakikosa karibu wote hakuna wa kumwelekeza mwenzake. Mjadala huwa na manufaa pale ambapo takriban asilimia 30 hadi 70 wamepata katika duru ya kwanza. Sasa, mhadhiri atajuaje swali lake liko wapi bila kulijaribu darasani na kurudi na matokeo mbele ya wenzake?

Rehema: Kwa hiyo unataka fedha zilipie mkutano wa pili.

Idi: Ndiyo, hata kama mzungumzaji wa mbali ataachwa. Siku ya kwanza wahadhiri waandike maswali ya masomo yao wenyewe badala ya kusikiliza tu. Wiki sita baadaye wakutane tena, kila mmoja akiwa na maswali yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Pia wawepo wakufunzi wasaidizi, na wanafunzi wachache waliomaliza somo hilo, walipwe posho ya muda wao, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wapi walipotea.

Rehema: Kuhusu wafadhili, baadhi yao huzuia sehemu ya fedha mpaka ripoti ifike. Mimi naona ni jambo jema, kwa kuwa mkutano wa pili utafanyika kweli.

Idi: Hapo tunatofautiana. Idara isiyo na akiba haiwezi kukopesha shughuli yake yenyewe, na mara nyingi idara hizo ndizo zenye madarasa makubwa zaidi. Ningependa mfadhili atoe fedha zote mapema, apunguze fomu iwe kurasa mbili, na katika ripoti aulize kipi kilishindwa na kwa nini, huku akieleza wazi kwamba jibu hilo halitamnyima mtu ruzuku nyingine.

Rehema: Na msikilizaji anayejaza fomu wiki hii?

Idi: Aende kwanza kwa mkuu wa idara na ratiba mkononi, wakubaliane tarehe ya mkutano wa pili, na aiandike tarehe hiyo katika maombi pamoja na majina ya masomo yatakayoguswa.