Nduli halikuwa jina lake

Assalaamu alaykum. Walimu wangu, nanyi vijana mnaosomea uandishi wa habari, ahsanteni kwa kunirudisha Wete.

Vita vya Kagera vilipoanza, mwishoni mwa 1978, mimi ni mtoto. Gazeti hadi lifike kwetu limeshachelewa, na hapo lilisomwa barazani kwa sauti, wasiojua kusoma wakasikiliza. Bibi yangu alilisikia akiwa ndani, nyuma ya pazia. Usiku tukikataa kulala, alitwambia: "Lalani, Nduli yuaja." Basi miaka mingi nikidhani Nduli ndilo jina Idi Amin, rais wa Uganda, alilopewa na babake, kumbe nduli ni muuaji katili.

Simtetei Amin. Aliua watu wake, kisha akaivamia Kagera. Lakini hebu mtazameni fundi wa gazeti. Andikeni: "Rais Amin amekwenda Jinja." Sasa andikeni: "Nduli Amin amekwenda Jinja." Habari ni ile ile, mtu kaenda Jinja, ila hii ya pili msomaji ashajua kwamba amekwenda kuua, na hakuna atakayekudai ushahidi. Tena neno lenyewe ni herufi tano tu, kichwa cha habari kinalimeza bila taabu. Msilidharau hilo, wahariri tunalipenda.

Na magazeti yalikuwa ya nani? Uhuru la chama, Daily News la serikali, na serikali yenyewe ilikataa kumtambua Amin tangu alipompindua Rais Obote Januari 1971. Obote alikuwa mgeni wetu Dar es Salaam. Nani angeuliza? Amin naye aliwarahisishia kazi: alimpelekea Nyerere simu ya maandishi kwamba lau angekuwa mwanamke angemuoa, mvi zake juu. (Kicheko.) Wakenya nao, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, tukawaita manyang'au. Hayo tuyaache, leo ndio watalii wetu.

Vita vikesha 1979. Baada ya miaka michache akaja skulini kwetu mwalimu wa hesabu, Mganda, mpole, sauti yake haifiki madawati ya nyuma. Hajaandika hata tarehe ubaoni, huko nyuma keshapewa jina: Nduli. Siku moja akalisikia, akatuuliza maana yake. Darasa zima likainama. Mwenzetu mmoja akajikaza, akamwambia ni samaki.

Mwalimu akatutazama kitambo, akauliza kama ni mtamu.