Joto Liko Ardhini: Funikeni Mapema, Funikeni Hadi Chini

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena, kwa sababu kila msimu naona miche ileile ikiungua kwa jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha majani, kwa kosa lilelile. Shuka haina joto. Gunia halina joto. Turubai halina joto. Joto liko ardhini. Udongo unashinda ukiota jua, usiku unalitoa joto lile kidogo kidogo, na kazi ya kifuniko ni kulizuia lisipotelee angani. Basi.

Nikisema hivyo, wote mnatikisa vichwa. Halafu jioni ya baridi mtu anauvika mche wa nyanya kitambaa, anakikaza kwa kamba kwenye shina, anakwenda kulala akiwa na amani. Umefunga nini hapo? Umeufungia mche nje ya joto lake!

Jirani yangu alikuwa na matuta mawili ya nyanya alizozipanda mapema. Nguo alizokuwa nazo zilikuwa za aina moja, shuka kuukuu. Tuta la kwanza aliufunga kila mche kwenye shina, safi kabisa, kama mizigo ya safari. Alipofika la pili giza lilikuwa limeingia na kamba zimekwisha, akatandaza shuka juu ya vijiti, zikaanguka mpaka chini, akazigandamiza kwa mawe pande zote. Asubuhi aliniita. Tuta alilolihangaikia sana lilikuwa jeusi, majani yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Lile la pili lilikuwa kijani. Nguo ni ileile, usiku ni uleule, mita chache tu kati yake. Alisimama pale akiuliza, "Nimekosea wapi?" Hakukosa bidii hata kidogo. Kifuniko chake hakikugusa ardhi.

Kwa hiyo: vijiti kwanza, ili nguo isilale juu ya majani, kisha nguo ifike chini, pembe zote zizibwe kwa mawe au udongo. Na iwe kabla jua halijazama, joto lingali lipo. Ukifunika saa sita usiku, joto kubwa limeshakwenda.

Najua kuna atakayesema, kipimajoto kilionyesha nyuzi 3, jalidi itoke wapi? Vituo vya hali ya hewa hupima hewa kwenye kimo cha kama mita 1.5 juu ya ardhi. Mche wako una kimo gani? Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa ya chini karibu na udongo huweza kuwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, na jani lenyewe likapoa kuliko hewa inayolizunguka. Usiku wa kuogopa si ule wa mawingu na upepo. Ni ule mzuri, nyota zimejaa, hata jani halitikisiki. Mawingu ni blanketi la dunia, na upepo huichanganya hewa ya juu na ya chini. Vyote viwili vikikosekana, fungua macho. Tena hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Mwenye bustani chini ya mteremko asijilinganishe na aliye juu.

Mwingine ataniambia nailoni inatosha. Nailoni inatosha ukiiinua kwa matao. Ikiligusa jani, pale ilipogusa ndipo panapoungua. Na asubuhi uitoe mapema, la sivyo jua litaipika miche uliyoiokoa usiku.

Mchana wa kuamkia baridi, mwagilia. Udongo mkavu una hewa nyingi ndani yake, hauhifadhi joto. Wenye unyevu hulihifadhi na kulipitisha vizuri. Matandazo makavu yasogeze pembeni mpaka jioni, udongo upate jua.

Naona muda unanikimbiza. Kunyunyizia maji usiku: maji yakiganda hutoa joto, ni kweli, lakini usiyafunge mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Anayeacha katikati humaliza mimea kuliko asiyeanza.

Theluji ni habari nyingine. Kwa kabichi, spinachi na njegere zilizokwisha kuzoea baridi, theluji nyepesi ni kinga, imejaa hewa; iacheni. Ile nzito yenye maji ndiyo huvunja, ipanguseni taratibu kwa mkono au ufagio laini kabla haijaelemea matao. Nyanya, maharagwe, matango na maboga hayana subira hiyo, lazima yafunikwe. Na miche ya kitaluni izoezwe nje siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa.

La mwisho, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa mali: msikimbilie kukata kilichoungua. Subirini siku kadhaa muone panapochipua. Viazi hasa, hata majani yakiwa meusi yote, msiving'oe. Jicho lililo chini ya udongo bado lina uhai.