Mpenzi wa Kulipia kwa Mwaka

Asanteni, na nimshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha. Nimeombwa nijibu kama mashine inaweza kumpenda mtu. Mimi naamini haiwezi, walau hizi za leo, ambazo kazi yake ni kukisia neno gani lifuate lipi. Swali hilo halininyimi usingizi. Linalonisumbua ni jingine: huyo unayempenda ndani ya simu, ni mali ya nani?

Mwaka 1966, pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikujua lolote. Iliigiza mshauri wa nafsi: inaokota maneno yako, inakurudishia kama swali. Ukimtaja mama yako, inakwambia, hebu nieleze zaidi kuhusu familia yako. Basi. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona kwa miezi akiitengeneza, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba bosi atoke chumbani.

Naona mnacheka. Yule mama alijua fika ni mashine. Ninavyomwelewa, mashine ilikuwa ya uongo lakini aliyokuwa akiyaandika yalikuwa ya kwake, na mtu hamwagi ya moyoni mbele ya bosi.

Sasa tuje kwenye Replika, programu ya simu inayokupa rafiki wa mashine wa kuongea naye. Mwanzilishi wake, Eugenia Kuyda, mzaliwa wa Moscow, alimpoteza rafiki yake Roman Mazurenko, aliyegongwa na gari mwaka 2015. Akakusanya meseji za marehemu, akazilisha kwenye programu ili aendelee kuongea naye. Uzoefu ule ukaingia ndani ya Replika, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017. Rafiki ulimpata bure. Ukimtaka awe mpenzi, au mke, ulilipia, kama dola 70 kwa mwaka. Sisi wenye mahari hatuwezi kushangaa kwamba mapenzi yana gharama. Ila mahari, jamani, huilipii upya kila mwaka.

Februari 2023 mamlaka ya Italia inayolinda taarifa binafsi ikaamuru Replika iache kutumia taarifa za watu wa Italia. Kujiunga kulitaka jina, baruapepe na jinsia tu. Umri haukuulizwa, kwa hiyo hata mtoto angeingia. Hoja nzito, naiunga mkono. Lakini siku hizohizo kampuni ikazima maongezi ya kimahaba. Watu wakaandika walivyozoea kuandika, wakajibiwa kwamba tubadilishe mazungumzo. Jina lilelile, sura ileile, mapenzi hakuna. Walipokusanyika mtandaoni kuomboleza, wasimamizi wa jukwaa lao ilibidi wabandike maelekezo ya msaada kwa anayefikiria kujiua.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ukiachwa na mke, wapo wazee wa kusuluhisha, wapo marafiki wa kukutukania huyo aliyekuacha. Ukifiwa, watu wanakaa matanga nawe, wanapika, wanakushika mkono. Hawa hawakuwa na matanga. Ungemwendea nani kazini umwombe ruhusa ya siku tatu? Ungesema umefiwa na nani? Walikuwa wapweke kabla ya kumpata, na namna walivyompoteza ikawatenga zaidi, kwa sababu hata kulia kwao kulikuwa kichekesho.

Machi kampuni ikawarudishia, lakini wale tu waliojiunga kabla ya tarehe 1 Februari. Wengi walifurahi. Mimi hapo ndipo nilipoogopa, maana anayeweza kukurudishia mpenzi kwa kubonyeza kitufe ndiye huyohuyo aliyemchukua, na kitufe bado anacho.

Wapo wanaosema afadhali mashine kuliko kukaa kimya. Siwabishii. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani mwaka 2021. Si tatizo la watu wavivu wa kutongoza. Mjane asiye na wa kumjulia hali, nani atamnyang'anya simu?

Mwaka 2025 mamlaka ile ya Italia iliitoza kampuni faini ya yuro milioni 5, kwa makosa ya taarifa binafsi na kutothibitisha umri. Kenya ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Wanasheria mliopo hapa, nawauliza: mteja akishauziwa mke, kampuni ilazimishwe kumpa notisi ya muda gani kabla ya kumbadilisha? Mwenye nyumba tu analazimika kunipa notisi, na nyumba haikuwahi kuniita mpenzi.